Rangi za kuyeyuka kwenye tangazo: paka jina la duka, namba ya simu iache nyeusi

Wadau wa biashara ndogondogo, leo nina neno kuhusu hizi herufi za rangi rangi. Zile zinazoanza nyekundu upande huu, zinayeyuka kidogo kidogo kuwa chungwa, halafu zinamalizikia njano kule mwisho. Vijana wa dizaini wanaziita gredienti. Fungua stetasi za watu asubuhi hapa Chemba, kuanzia muuza vitenge mpaka fundi pikipiki, utazikuta zimejaa. Tangazo la mbuzi wanauzwa, gredienti. Mashine ya kukoboa imerudi kufanya kazi, gredienti. Hata msiba juzi nimeona umetangazwa kwa herufi za upinde wa mvua, nikanyamaza tu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mwenye haraka asipoteze bando. Mfanyabiashara yeyote mwenye simu janja, au anayeweza kukaa mbele ya kompyuta kwa saa moja, ajifunze kuzitengeneza hizi herufi mwenyewe. Ni bure na wala si uchawi. Lakini akishajua, azitumie kwenye neno moja tu la tangazo lote. Bei, namba ya simu, lipa namba, ujazo wa chupa, hivyo vyote viwe rangi moja, nene, inayosomeka na mzee aliyesahau miwani nyumbani.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema rangi ndiyo mvuto, bila mvuto mteja anapita. Sawa, nitafika hapo. Kwanza tuangalie hela inapotelea wapi.

Chukua mafuta ya alizeti. Wilaya yetu inalima alizeti, na ikifika baada ya mavuno kila mwenye kamashine anakamua na kupaki kwenye madumu na chupa. Tangu lami ya Dodoma mpaka Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, wateja wetu sio majirani peke yake. Kuna abiria wa basi la Arusha, kuna dereva wa lori, kuna mtumishi anayepita kwenda Kondoa. Huyu ananunua chupa moja akiwa njiani, anaipeleka nyumbani, mke wake anaipikia, wanaipenda. Sasa anataka dumu tatu za lita 20. Atakupataje? Hana undugu na wewe, hajui kijiji chako. Kamba pekee inayomuunganisha na wewe ni ile namba kwenye lebo.

Nimeishika mkononi lebo ya mama mmoja wa huku kwetu anayekamua mafuta mazuri sana, safi, yamechujwa vizuri. Karatasi nyeupe, jina la mafuta kwa gredienti ya nyekundu kwenda njano, na namba ya simu vilevile nyekundu kwenda njano. Tarakimu nne za mwanzo unaziona. Zinazofuata unakisia. Mbili za mwisho hazipo kabisa, zimeyeyuka kwenye weupe wa karatasi. Aliyemtengenezea alilipwa, lebo zikachapwa rundo zima, zikabandikwa zote. Nimemuuliza kama anapigiwa simu na wateja wa mbali, akasema watu wa mbali hawapigi, labda mafuta hawakuyapenda. Yaani mama wa watu anayalaumu mafuta yake mwenyewe! Hapo ndo nilipoona hili jambo linahitaji kuandikwa.

Kwa nini zile tarakimu zilipotea? Hili lina hesabu yake, sio suala la macho yangu tu. Shirika la W3C, ambalo linaweka viwango vya kurasa za intaneti, lina kipimo cha utofauti wa mwanga kati ya maandishi na kilichoko nyuma yake. Kinaanzia 1, maana yake hakuna tofauti kabisa, na kinaishia 21, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Wanataka maandishi ya kawaida yafikie angalau 4.5, na yale makubwa angalau 3. Nyekundu kali juu ya nyeupe inapata karibu 4. Njano kali juu ya nyeupe inapata 1.07. Sasa ukianza na nyekundu ukaishia na njano juu ya karatasi nyeupe, umemwambia mteja asome kuanzia 4 kushuka mpaka 1.07. Herufi za mwanzo zinasomeka kwa shida, za mwisho ni karatasi tupu yenye umanjano. Gredienti inapimwa pale ilipo dhaifu. Mwanzo ukiwa mzuri hauokoi mwisho.

Lakini angalia kinyume chake. Bluu iliyokoza, ile inayoandikwa 000080 kwenye programu, juu ya nyeupe inapata karibu 16. Zambarau iliyokoza, 800080, inapita 9. Ukiyeyusha moja kuingia nyingine, herufi zote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho ziko salama, na bado tangazo linapendeza. Kwa hiyo gredienti yenyewe haina kosa. Kosa ni kuchagua ncha mbili ambazo moja inafanana na karatasi. Ukiwa na karatasi nyeupe, ncha zote mbili ziwe nzito. Ukiwa na lebo ya njano, ambayo kwa alizeti inakubali sana, tumia nyeusi kwenda nyekundu ya damu ya mzee, 8B0000, inasomeka bila tabu.

Kuna mtego mwingine uko katikati, na huu hata mafundi wengine hawausemi. Kompyuta inapoyeyusha rangi haichanganyi kama unavyochanganya rangi za ndoo. Inachukua wastani wa namba. Bluu kali na njano kali, ukitafuta wastani wake, katikati unapata kijivu. Ndiyo, kijivu, kile cha majivu. Ulitaka tangazo la sikukuu ukapata jivu la jikoni katikati ya jina la duka. Nyekundu kali na kijani kali nazo katikati zinatoa rangi kama ya tope. Dawa yake ni kuchagua rangi majirani: nyekundu na chungwa, bluu na zambarau, kijani na bluu ya bahari. Rangi zinazokaa jirani kwenye upinde wa mvua zinayeyukiana vizuri. Zinazokaa mbalimbali zinagombana katikati.

Sasa tuje kwenye kujifunza, maana nimesema kila mtu anaweza.

Kwanza achaneni na Photoshop za kuiba. Adobe tangu mwaka 2013 waliacha kutoa Photoshop mpya za kulipia mara moja, sasa ni kulipa kila mwezi, na wengi wetu hatuwezi wala hatuna haja. Ile inayozunguka kwenye flashi za watu imevunjwa kufuli, na aliyevunja hajakufanyia hisani. Kompyuta moja yenye kirusi kwenye steshenari inaambukiza flashi zote zinazoingia siku hiyo, pamoja na ile yenye hesabu za kikundi chenu cha kukopeshana.

Ipo GIMP. Ilianza miaka ya katikati ya 90, kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Mpaka leo inaendelezwa na watu wanaojitolea, ni bure kabisa, na mwezi Machi 2025 lilitoka toleo la 3.0. Unaipakua kwenye tovuti yao wenyewe, gimp.org, basi. Ni mzigo wa mamia ya megabaiti, kwa hiyo subiri bando la usiku au mwombe mwenye intaneti ya ofisi. Ukishaipakua mara moja inafanya kazi bila mtandao, na hapo ndipo ninapoipendea kwa mazingira yetu. Umeme ukiwepo tu, unafanya kazi.

Namna yenyewe ni hii, nitaisema kama ninavyomwelekeza mtu aliyekaa pembeni yangu. Fungua ukurasa mpya kwenye menyu ya File, chagua New. Kama ni picha ya stetasi weka upana 1080 na urefu 1920. Kama ni karatasi ya A4 ya kuchapa weka 2480 kwa 3508, usiweke ndogo halafu uje kuivuta, herufi zitakuwa na meno kama msumeno. Bonyeza T kwenye kibodi, bofya ukurasani, andika jina la duka lako. Chagua mwandiko mnene. Mwandiko mwembamba na gredienti haviendani kabisa, rangi inakosa mahali pa kukaa.

Upande mmoja wa skrini utaona orodha ya matabaka, ndizo mafundi wanaziita leya. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya leya ya maandishi, utafute panapoandikwa Alpha to Selection. Mistari midogo kama sisimizi wanaotembea itazunguka herufi zako. Hapo umeiambia programu: kazi yote ifanyike ndani ya herufi tu, nje usiguse. Fungua leya mpya kutoka menyu ya Layer, iwe angavu bila rangi. Chagua rangi zako mbili kwenye vile vibox viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Bonyeza G, hakikisha gredienti iliyochaguliwa ni ile ya rangi ya mbele kwenda ya nyuma, halafu buruta mausi kutoka juu ya herufi mpaka chini. Bonyeza Enter. Imeisha. Mtu wa kwanza kufanya hivi huwa anacheka mwenyewe.

Nimesema juu kwenda chini kwa makusudi. Wengi wanaburuta kushoto kwenda kulia, na hapo ndipo tarakimu za mwisho zinapokufa. Ukiburuta juu kwenda chini, kila herufi inapata sehemu yake ya giza na sehemu yake ya mwanga, hakuna herufi inayopotea peke yake. Wale wazee waliokuwa wanaandika mabango ya maduka na milango ya magari kwa brashi walilijua hili siku nyingi. Angalia bango la zamani la rangi ya mafuta: herufi imeanza nyekundu juu, imekoza chini, na pembeni kuna kivuli cheusi kinaishikilia. Hawakuwa na kompyuta, lakini kile kivuli walikuwa hawakisahau.

Nasi tukiweke. Kabla hujafuta wale sisimizi, nenda menyu ya Select, chagua Grow, weka kama pikseli 4, fungua leya nyingine uishushe chini ya ile yenye gredienti, ijaze nyeusi au bluu nzito. Herufi zako zimepata ukingo. Hata gredienti ikififia, ukingo unaishikilia. Ukimaliza chagua None kwenye menyu hiyohiyo ya Select, halafu hifadhi mara mbili: moja kwa Save, inakuwa faili ya XCF ya kurekebisha baadaye, na nyingine kwa Export As, uandike mwishoni .png. Ile XCF usiitume kwa mteja, haitafunguka kwenye simu yake.

Kasoro moja ya GIMP niiseme wazi: ile gredienti ukishaipaka juu imekuwa picha. Ukigundua umekosea jina, inabidi upake upya. Kama kazi yako ni mabango na lebo kila wiki, jifunze na Inkscape, nayo ni ya bure. Yenyewe maandishi yanabaki maandishi hata yakishapakwa gredienti, unafuta na kuandika upya, rangi inafuata. Halafu inachora kwa mistari, sio kwa nukta, kwa hiyo jina ulilotengeneza kwa ajili ya stika unaweza kulikuza likawa bango la mita nne bila kuota meno. Kwa mwenye simu tu, PixelLab ya Android inatosha: unaandika, unaingia kwenye rangi ya maandishi, unachagua gredienti, unaweka rangi mbili na mwelekeo. Dakika tatu.

Haya, wale wa mvuto sasa niwajibu.

Nakubali mvuto upo. Mwaka 2016 Instagram walibadilisha alama yao ile ya kamera ya kahawia, wakaweka ya zambarau, pinki, chungwa na njano zikiyeyukiana, na watu wengi wakaiga. Lakini waangalie vizuri hao hao Instagram: wana alama yao nyingine ya rangi moja, mstari tu wa kamera, kwa ajili ya sehemu ambazo rangi nyingi hazifai. Kampuni yenye hela zote zile inajua kwamba kuna mahali gredienti haifiki. Sisi wenye karatasi na mhuri wa mpira tunadhani inafika kila mahali!

Mhuri wa duka lako hauwezi kuwa na gredienti. Risiti ya fotokopi haiwezi. Fulana za wafanyakazi zikichapwa kwa fremu ya hariri, kila rangi inataka fremu yake, na rangi inayoyeyuka inabidi ivunjwe kuwa nukta nukta, fundi atakuchaji zaidi au atakwambia haiwezekani. Kwa bango la plastiki, hapo ni tofauti, mashine inatoza kwa mita za mraba, uweke rangi moja au kumi bei ni ileile. Ndiyo maana nasema usiamue kwa kuangalia skrini. Amua kwa kujua tangazo linaenda kuchapwa wapi.

Na kwetu vijijini sehemu kubwa ya kazi inachapwa kwa printa nyeusi. Hili ni la kuliangalia sana. Printa nyeusi haina kijivu. Inachofanya ni kutawanya nukta nyeusi ndogondogo ili jicho lidhani limeona kijivu. Herufi kubwa inavumilia. Herufi ndogo, kama ya namba ya simu au tarehe ya mwisho wa matumizi, inabaki nukta zilizotawanyika, kingo zimechakaa, 3 inafanana na 8, 6 inafanana na 0. Lebo ya chakula ina mambo ambayo mteja lazima ayasome, na mkaguzi wa TBS naye atataka kuyasoma: bidhaa ni nini, ujazo ni kiasi gani, nani kaitengeneza, lini, na itumike mpaka lini. Ukiyapaka upinde wa mvua, hata kama umeyaandika yote kwa uaminifu, ni kama hukuyaandika.

Halafu kuna jua. Jua la huku kwetu mnalijua. Bango likining'inia mbele ya duka tangu kiangazi kianze, wino wa njano na ule wa pinki ndio unaotangulia kuondoka, mweusi na bluu unabaki. Nyekundu ya mashine inatengenezwa kwa pinki na njano, kwa hiyo nayo inaondoka. Pita barabarani uangalie mabango ya zamani kidogo: picha za watu zimekuwa za bluu kama wagonjwa, na maandishi yaliyokuwa mekundu kwenda njano yamebaki kivuli. Maandishi meusi bado yapo. Kwa hiyo gredienti ya nyekundu na njano kwenye bango la nje ina siku zake za kuishi, na ukiiweka kwenye namba ya simu, namba nayo ina siku zake za kuishi.

Tena hao wanaosema bila rangi nyingi hakuna mvuto, niwapeleke hapo jirani tu. Michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo na kwingineko, UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mingi imechorwa kwa rangi moja, nyekundu ya udongo. Mtu, twiga, tembo, rangi moja juu ya jiwe. Imekaa miaka isiyo na idadi na wageni wanapanda ndege kuja kuiangalia. Au angalia kanga kwenye kamba ya nguo nyumbani kwako. Pindo lina maua na rangi za kila aina, lakini jina la kanga, yale maneno yenyewe, limewekwa sehemu tulivu, herufi kubwa, rangi moja. Mama anayapita maneno yale kwenye duka la nguo akiwa hatua kadhaa, anayasoma, anacheka, ananunua. Aliyepanga kanga alijua kipi cha kupamba na kipi cha kusomwa.

Ndivyo ninavyotaka tupange matangazo yetu. Jina la duka au jina la bidhaa ni pindo la kanga, lipambe. "Asali ya Kwa Mtoro" kwa kahawia nzito kwenda chungwa iliyoiva, herufi nene, ukingo mweusi, inapendeza na inasema asali kabla mtu hajasoma. Salamu za Idi na Krismasi, pamba utakavyo, hapo hakuna anayetafuta namba. Lakini bei na simu ni maneno ya kanga.

Na wenzetu wa steshenari na vijana mnaodizaini kwa kulipwa, hili nalisema kwa upole: mteja akikwambia "weka rangi rangi ing'ae", usimpe tu anachotaka kwa sababu analipa. Yeye anajua mbuzi, anajua mafuta, anajua asali. Wewe ndiye unayejua wino. Mwonyeshe mbili pembeni, ya upinde wa mvua na ya rangi moja, mpe simu aende nazo nje juani, mwangaza wa skrini uwe nusu, aangalie akiwa amenyoosha mkono. Achague mwenyewe huko juani, asichague mezani kwako kwenye kivuli. Nimeona watu wanabadili mawazo kabla hata hawajarudi mlangoni.

Kipimo kingine rahisi zaidi: geuza tangazo liwe nyeusi na nyeupe kabla ya kulituma popote. Kwenye GIMP iko menyu ya Colors, Desaturate. Kwenye simu, programu yoyote ya kuhariri picha ina kichujio cha nyeusi na nyeupe. Ukiweza kusoma kila tarakimu ya simu bila kukunja uso, tangazo liko sawa. Usipoweza, rudi ukarekebishe ncha za rangi, wala usitafute mtu wa kukwambia "mbona linaonekana tu". Wewe unalisoma kwa sababu namba unaijua kichwani. Mpe mtoto wa darasa la nne ambaye hajui namba yako, aisome kwa sauti.

Mwisho la kutuma. Picha yenye rangi za kuyeyuka ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na ule mteremko laini wa rangi unaweza kugeuka ngazi ngazi, kama matuta ya shamba. Ukimtumia mchapishaji wa Dodoma mjini, tuma kama dokumenti ili ifike jinsi ilivyo. Na rangi zile zinazowaka sana kwenye skrini, kijani cha limao na bluu ya umeme, wino hauzitoi, zitapoa zikifika kwenye karatasi. Kwa hiyo mwombe achape moja kwanza, akutumie hiyo moja na basi la jioni. Ibandike kwenye chupa yenyewe, imwagie maji kidogo, ishike kwa mikono yenye mafuta kama atakavyoishika mteja jikoni, uisome namba. Ikisomeka, mwambie achape zilizobaki umlipe.